Jinsi ya kupima kama usafiri wa umma unawafikia watu wa mtaa wenu (mfano wetu ni Kisumu)

Kila kikao cha barabara utasikia mtu amesimama akisema eneo fulani limefunguka kwa sababu lami imefika, watu wanapiga makofi na kikao kinaisha. Lakini lami kupita karibu na kwenu ni kitu kimoja, na wewe kufika unakoenda ni kitu kingine kabisa. Mama anayekaa ndani ndani huko Nyalenda B anaweza kuwa anasikia honi za Ring Road akiwa kitandani, na bado ikifika siku ya kupeleka mtoto kliniki hospitali ya Jaramogi asubuhi na mapema, njia ni matope, mtaro hauna daraja, gari la kwanza limepita limejaa na boda anamwitisha pesa ambayo hana. Kwenye ramani nyingi huyo mama amehesabiwa kama mtu aliyefikiwa na usafiri. Naandika hii ili kikundi cha vijana, wanafunzi, watu wa nyumba kumi, yeyote mwenye simu na viatu vya kutembea, aweze kupima hii kitu vizuri na kutoa nambari ambazo huyo mama yumo ndani yake. Mifano nimechukua Kisumu lakini ukiwa Nakuru, Kakamega, Kisii au Eldoret kazi ni ile ile.

Kwanza elewa unapima nini

Kuna maswali mawili na watu huyachanganya sana. La kwanza, mtu anaweza kufika kwenye gari? La pili, hilo gari linaweza kumfikisha anakotaka kwenda kwa muda na pesa anazoweza? La kwanza ndilo rahisi kupima na ndilo lina kipimo kinachojulikana dunia nzima. Kwenye yale Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa 2015 kuna kipimo namba 11.2.1, kinauliza ni asilimia ngapi ya watu wa mjini wanafikia usafiri wa umma bila taabu, na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambao makao yao makuu yako Nairobi kule Gigiri, ndio wanaosimamia namna ya kukihesabu. Mtu anahesabiwa amefikiwa kama kutoka kwake hadi steji ya basi au matatu ni mita 500 za kutembea, au kilomita 1 kama ni usafiri mkubwa kama treni, feri ama mabasi ya njia maalum. Na kinatakiwa kigawanywe kwa jinsia, umri na ulemavu, sehemu ambayo wengi huiruka.

Anza na hicho. Ukiingia ofisi ya kaunti na 11.2.1 hakuna atakayekuambia umejitungia. Ila usiishie hapo, manake mita 500 hazijui kama gari lilikuwa na nafasi, kama nauli ilipanda kwa sababu ya mvua, wala kama mtu wa kiti cha magurudumu aliachwa steji. Swali la pili ndilo lenye kazi na ndilo lenye ukweli mwingi, kwa hivyo hatua nyingi hapa chini ni za hilo.

Hatua ya 1: chagua eneo dogo na mahali watu wanaenda

Usijaribu kupima Kisumu yote, utachoka na utaacha katikati. Chukua sabulokesheni moja, tuseme Nyalenda A au Manyatta B au Migosi, kwa sababu KNBS (shirika la takwimu la Kenya) walitoa idadi ya watu ya sensa ya 2019 hadi kiwango hicho na utahitaji hiyo idadi baadaye kugawanyia. Usichukue idadi ya kaunti: zile 1,155,574 ni pamoja na watu wa Seme, Nyakach na Muhoroni, ukigawanya na hizo hesabu yako yote imeharibika kabla hujaanza.

Halafu andika mahali tano au sita ambapo watu wa hapo wanaenda kweli, sio mahali unafikiri wanafaa kwenda. Kwa Kisumu mimi ningeweka hospitali ya Jaramogi (wengi bado wanaiita Russia), soko la Kibuye, steji kuu mjini, shule ya sekondari iliyo karibu, kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, na mahali pamoja ambapo vibarua wengi wa eneo hilo wanafanya kazi. Hicho cha mwisho uliza watu, hakiko kwenye ramani yoyote. Na Kibuye kumbuka siku yake kubwa ni Jumapili, kwa hivyo ukipima katikati ya wiki tu umeruka siku ambayo watu wanabeba mzigo.

Hatua ya 2: tafuta steji zilipo kwa kweli

Fungua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, uangalie eneo lako. Utakuta barabara nyingi zimechorwa vizuri, lakini steji ni chache au hakuna, kwa sababu steji zetu nyingi hazina kibao, zipo kwa mazoea tu: kwa mti, kwa petrol station, kwa ile kona ya wauza mahindi. Hizo zote ni steji. Steji ni mahali gari husimama kuchukua watu kila siku, iwe kaunti inaitambua ama haiitambui.

Weka KoboCollect, programu ya kujaza fomu, kwenye simu ya Android, ni ya bure na inafanya kazi bila bando ukiwa nje, unatuma data baadaye ukipata Wi-Fi. Tengeneza fomu fupi: mahali pa GPS, upande gani wa barabara, magari ya wapi yanasimama hapo, ni matatu ya watu 14, basi, tuktuk au boda, gari la kwanza saa ngapi na la mwisho saa ngapi, kuna taa, kuna mahali pa kujikinga na mvua na jua. Ukichukua GPS usibonyeze haraka, programu inakuonyesha usahihi kwa mita, subiri ishuke hadi 5 au chini ndio uhifadhi.

Chukua steji za pande zote mbili. Hii watu hudharau. Kwenda mjini unapandia upande mmoja na kurudi unashukia ule mwingine, na barabara ikiwa pana kama ile ya kutoka Kondele kwenda Mamboleo, hizo steji mbili ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mzee au mtoto wa shule ambaye anavuka magari yakiwa yanashuka kwa spidi. Andika pia mahali pa kuvukia pako umbali gani kutoka kwa steji.

Tuktuk na boda ziweke kwenye safu yake. Tuktuk ambayo inabeba watu wasiojuana kwa rauti inayojulikana, kila mtu analipa yake, kwa watu wa mtaa hiyo ni usafiri wa umma, ingawa ufafanuzi wa UN-Habitat huacha nje tuktuk na usafiri usio rasmi, kwa hivyo usiichanganye na hesabu ya 11.2.1. Boda unayoikodi peke yako pia haihesabiki, ni sawa na teksi. Lakini usiitupe hiyo data! Mahali ambapo kila mtu anategemea boda ndipo matatu imeshindwa kufika, na utataka kuonyesha hilo.

Kitu ingine muhimu, kabla hujaanza kusimama steji na simu yako ukiandika andika, tafuta mwenyekiti wa steji na makanga uwaeleze unafanya nini. La sivyo watadhani wewe ni wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) au kanjo (askari wa kaunti), na hapo utapata shida ambayo haikuwa lazima. Ukiwaeleza vizuri wao ndio watakuambia vitu vingi kuliko mtu yeyote, gari gani zinakatisha rauti Kondele jioni, siku gani hakuna gari, watu gani wanaachwa.

Kama unafikiri hii kazi ni ya wataalamu tu, kumbuka matatu za Nairobi zilichorwa hivi hivi. Mradi wa Digital Matatus uliunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na Columbia na MIT za Marekani, wanafunzi wakapanda matatu na simu zao wakirekodi rauti na steji, na 2014 ikatoka ramani yenye rauti zaidi ya 130, na hizo data zikaingia Google Maps mwaka uliofuata.

Hatua ya 3: pima mita 500 za miguu, usipime mita 500 za ndege

Hapa ndipo ripoti nyingi huongopa bila kukusudia. Mtu anachora duara la mita 500 kuzunguka steji, anahesabu watu walio ndani, anamaliza. Duara hilo lina ukubwa wa kama hekta 78 na nusu. Lakini hata mtaa uwe umepangwa mraba mraba vizuri kabisa bila ukuta wowote, eneo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa mita 500 za kutembea ni hekta 50 hivi, yaani asilimia 64 ya lile duara. Na hapo ni mtaa uliopangwa. Sasa leta kwetu, weka ukuta wa shule, weka ploti zimefungana hakuna kichochoro, weka mto Auji na daraja ni moja, na hiyo hekta 50 inaendelea kupungua.

Njia ya kompyuta ni hii. Pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure. Weka mradi wako kwenye vipimo vya mita, usibaki na digrii: Kisumu iko zoni ya 36 kusini ya mfumo wa ramani wa UTM kwa hivyo chagua namba EPSG:32736, Nakuru imeshaingia zoni ya 37 kwa hivyo ni EPSG:32737, ukizichanganya umbali utakuja na makosa. Tumia kiongezi cha QuickOSM kuvuta kutoka OpenStreetMap barabara zote za eneo pamoja na njia za miguu, hizo za miguu ndizo muhimu zaidi. Leta steji zako kutoka Kobo. Kisha kwenye sehemu ya uchambuzi wa mitandao tumia kile chombo cha "Service area (from layer)", weka 500, kitakupa mistari yote ambayo mtu anaweza kutembea. Ipanulie kidogo, kama mita 30 kila upande, ili ishike nyumba zilizo kando, halafu unganisha yote iwe umbo moja. Mwisho chukua raster ya WorldPop ya Kenya, yaani ramani ya makadirio ya watu kwa miraba ya mita 100, tumia "Zonal statistics" kujumlisha watu walio ndani ya umbo, gawanya kwa watu wote wa sabulokesheni. Hiyo asilimia ndiyo 11.2.1 yako. WorldPop ni makadirio, kwa hivyo linganisha jumla yake na ile ya KNBS na kama zimetofautiana sana, tumia WorldPop kwa mgawanyo tu na KNBS kwa jumla.

Kabla hujaiamini, tembea. Chukua karatasi ya ramani ukapite zile njia ambazo QGIS imesema zinapitika. Utakuta nyingine imefungwa na geti, nyingine ni kichochoro ambacho wanawake hawapiti baada ya saa moja usiku, nyingine kuna mtaro na ubao mmoja umelazwa juu, upana wa kiatu, na mtu mwenye mtoto mgongoni anapita akishikilia waya wa fensi ya jirani. Ubao kama huo upige picha, upime upana kwa futi ya fundi, uandike. Kwenye kompyuta ni njia kamili ya mita 12, kwa mtu wa magongo hiyo njia haipo. Tengeneza toleo la pili la ramani ukiwa umeondoa njia kama hizo, na toleo la tatu la msimu wa mvua ya Machi hadi Mei, kwa sababu kule chini Nyalenda na sehemu za Nyamasaria maji yanakaa na watu wanazunguka mbali. Tofauti ya ramani ya kwanza na ya tatu peke yake ni hoja nzito sana.

Huna kompyuta? Sio shida. Chagua nyumba kwa bahati nasibu, kwa mfano kila mlango wa kumi ukifuata njia, omba ruhusa, anza kutembea kutoka mlangoni hadi steji ukiwa na saa. Wapimaji wengi hutumia mita 80 kwa dakika, kwa hivyo mita 500 ni dakika 6 na kitu. Lakini mzee au mtu mwenye mzigo wa mboga akienda mita 50 kwa dakika, hizo hizo ni dakika 10. Tembea na mwenye nyumba mwenyewe kama anakubali, kwa mwendo wake.

Hatua ya 4: pima kungoja, na hapa usiwe na haraka

London wana kipimo chao kinaitwa PTAL, kilianzia Hammersmith na Fulham 1992, kinajumlisha dakika za kutembea na dakika za kungoja. Kizuri sana, ila kinategemea ratiba. Sisi hatuna ratiba, gari linaondoka likijaa. Kwa hivyo kungoja lazima ukuhesabu mwenyewe, na kuna kungoja kwa aina mbili. Anayepandia mwanzo wa rauti anangoja gari lijaze, akiwa amekaa ndani. Anayepandia katikati anangoja gari ambalo lina nafasi, akiwa amesimama juani, na yaliyojaa yanampita. Huyu wa pili ndiye ripoti zinamsahau.

Simama steji ya katikati saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Kila gari likipita andika muda, lilisimama au halikusimama, lilibeba wangapi, liliacha wangapi. Rudia mchana, rudia jioni saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, rudia Jumamosi na Jumapili, na kama unaweza rudia siku ya mvua.

Sasa hesabu. Wengi huchukua saa moja wakagawanya kwa magari. Tuseme magari manne yenye nafasi yalipita ndani ya saa, wanasema gari kila dakika 15, wastani wa kungoja ni nusu yake, 7 na nusu. Hiyo ni kweli tu kama magari yanakuja kwa mpangilio sawa, na yetu hayaji hivyo, yanakuja yakifuatana yakikimbiziana abiria halafu kunakauka. Tuseme nafasi kati ya magari zilikuwa dakika 5, 5, 5 na 45. Zidisha kila nafasi kwa yenyewe, jumlisha: 25 na 25 na 25 na 2,025, inakuwa 2,100. Gawanya kwa mara mbili ya dakika zote, yaani 120. Unapata 17 na nusu. Magari ni yale yale manne, saa ni ile ile, lakini mtu anayefika steji wakati wowote anangoja kwa wastani dakika 17 na nusu, sio 7 na nusu. Watu wengi wanafika ndani ya ile nafasi ndefu, ndio sababu. Tumia hii fomula kila mara, na hesabu magari yenye nafasi tu, lililojaa ni kama halikupita.

Hatua ya 5: safari nzima, mlango hadi mlango, na pesa yake

Panda. Kutoka mlango wa nyumba halisi hadi mlango wa zile sehemu ulizochagua, na ukifika hospitali usisimamishe saa kwa geti, fika hadi pale mtu anapochukua namba. Andika dakika za kutembea, kungoja, kukaa ndani ya gari, kubadilisha gari, kutembea tena. Kila kipande kivyake, kwa sababu dawa zake ni tofauti: kutembea kunatibiwa na njia na madaraja, kungoja kunatibiwa na magari na mpangilio, kukaa kwa gari kunatibiwa na barabara na foleni.

Ukishapata hizo, weka kikomo, mathalan dakika 45, uulize kutoka nyumba hii ni mahali pangapi kati ya pale sita panafikika? Fanya hivyo asubuhi na fanya saa mbili usiku. Utakuta mtu asubuhi anafikia mahali pote sita, na usiku anafikia pawili, na huyo ni mfanyakazi wa hoteli au nesi wa zamu ambaye usiku ndio wakati wake wa kurudi.

Pesa pia. Andika nauli uliyolipa, sio ile iliyoandikwa. Ya asubuhi, ya jioni, ya mvua, na kama mtu alilazimika kupanda boda kufika steji ongeza ya boda, hiyo ni sehemu ya safari. Halafu ilinganishe na mapato ya mtu. Mfano tu: kibarua anapata 500 kwa siku, tuktuk 30, matatu 40, na kurudi vile vile, hiyo ni 140, asilimia 28 ya siku yake imeishia barabarani hajanunua hata unga. Usitumie wastani wa mshahara wa mji, uliza watu wa mtaa huo wenyewe siku ya kawaida huingiza ngapi, na uulize kwa viwango viwango, watu hawapendi kutaja hesabu kamili.

Hatua ya 6: watu ambao hawako kwenye hesabu yako

Ukisimama steji unawaona waliofika steji. Walioamua kukaa nyumbani huwaoni. Kwangu hii ndiyo hatua ya maana zaidi na ndiyo inayoachwa na karibu kila mtu kwa sababu lazima ubishe milango.

Usiulize "usafiri uko sawa?" Utaambiwa uko sawa, watu wamezoea. Uliza vitu vilivyotokea: mara ya mwisho ulitoka nyumbani saa ngapi, ulifika saa ngapi, ulilipa ngapi, ulishukia wapi. Halafu swali lenye uzito: mwezi huu kuna mahali ulitaka kwenda ukaacha kwa sababu ya gari, nauli au njia? Wapi? Ulifanya nini badala yake? Utasikia kliniki zilizorukwa, kazi ya mbali iliyokataliwa, mtoto aliyelala kwa shangazi wiki nzima ya mtihani. Zihesabu kama data, kwa sababu ni data. Kama unataka sampuli ambayo mtakwimu hataikataa kwa eneo kubwa, watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa kosa la asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa mtaa mmoja hata nyumba 60 zilizochaguliwa vizuri zinaonyesha mengi, mradi useme wazi ni 60.

Ongea na wanawake wakiwa peke yao, waulize kuhusu steji usiku, kushikwa shikwa na kutukanwa. Wengi hawasemi mbele ya mume au mbele ya watu wa steji.

Kwa watu wenye ulemavu, nenda na wao, usiwawazie. Beba futi. Pima ngazi ya kwanza ya matatu kutoka chini hadi mguu unapokanyaga, ukiwa pale gari linasimama, manake likisimama kando ya shimo ngazi inazidi kuwa juu. Pima upana wa mlango na nafasi kati ya viti. Andika kama kiti cha magurudumu kilibebwa, kilitozwa nauli kama mzigo, au gari liliondoka tu makanga akisema wanachelewa. Mtu asiyeona muulize anajuaje ni gari la Kondele au la Nyamasaria kama makanga hajaita. Kipengele cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Kwa hivyo hapa hauombi msaada, unaandika ushahidi.

Majina, namba za simu na namba za nyumba usichukue kama huzihitaji, na kama umezichukua usizitume kwa WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zaidi ya sheria, mama aliyekuambia anapata ngapi kwa siku hakukuambia ili jirani ajue.

Hatua ya 7: peleka mahali panapofaa

Weka yote kwenye karatasi moja yenye ramani mbili, ya duara na ya miguu, kando kwa kando, na jedwali dogo: asilimia ya 11.2.1 kwa wote, kwa wanawake, kwa wazee, kwa wenye ulemavu. Dakika za kungoja asubuhi na usiku. Mahali pangapi panafikika kwa dakika 45. Nauli kama asilimia ya mapato. Na asilimia ya nyumba zilizoacha safari. Yale mengine weka kiambatisho.

Mpe mtu anayehusika, hapa watu hupoteza miezi. Jedwali la Nne la Katiba limeweka chini ya kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na feri na bandari. Kwa hivyo steji, taa, daraja la mtaro mtaani na mpangilio wa magari ni kaunti. Barabara kuu ziko kwa KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) na za kitaifa mjini ziko kwa KURA (mamlaka ya barabara za mijini), sehemu ya kuvukia kwenye haiwei usiende kulilia MCA (mwakilishi wa wadi) peke yake, mwandikie na huyo mwenye barabara.

Na tarehe. Mpango wa mwaka wa maendeleo wa kaunti lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha ifike 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Ukileta ripoti yako Mei, bajeti ya mwaka unaoanza Julai imeshakupita, unabaki kulenga ya mwaka unaofuata. Mimi ningepanga kupima kiangazi Januari na Februari, kupima tena mvua ikiwa imeshika Aprili, kuandika Juni, na Julai kuipeleka kwa wadi ili iingie kabla ya ule mpango wa Septemba haujafungwa. Kwenye kikao cha wadi usisome ripoti yote. Omba kitu kimoja chenye mahali na kipimo, kwa mfano madaraja matatu ya mtaro yenye upana wa mita moja na nusu katika njia hizi tatu, na useme asilimia itapanda kutoka ngapi hadi ngapi yakijengwa. Hiyo unaipata kwa kurudi QGIS, kuchora hayo madaraja na kuendesha ile hesabu upya, kazi ya nusu saa.

Ile data ghafi, yenye muda wa kila gari na urefu wa kila ngazi, iweke mahali ambapo zaidi ya watu wawili wa kikundi wanaweza kuifungua. Ofisini wataanza na swali la ulipata wapi hii asilimia, na yeyote kati yenu atakayekuwa mbele yao siku hiyo anatakiwa aifungue hapo hapo kwenye simu awaonyeshe.